Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege: kilomita 852 na saa zake

Mama yangu anaishi Nyegezi, kusini mwa jiji la Mwanza, nami naishi Mbezi, Dar es Salaam, ninakofundisha jiografia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikienda kumwona kwa basi, na hakuna aliyewahi kunihoji kuhusu muda, kwa sababu kila mtu anajua kwamba basi la Mwanza ni safari ya kutwa nzima na sehemu kubwa ya usiku. Tangu nianze kupanda ndege, mama hunipokea kwa swali lile lile: "Mwanangu, si ulisema ndege ni saa moja na nusu? Mbona ulinipigia simu uko njiani kabla jogoo hajawika, na sasa unaingia ndani chai ya asubuhi imekwisha kupoa?"

Nilizoea kucheka na kubadilisha mazungumzo. Safari ya mwisho nilichukua daftari nikaketi naye barazani, nikamweleza kwa hesabu kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, kwamba umbali kati ya viwanja viwili vya ndege ni mmoja tu, lakini muda ni wa aina tatu, na tiketi humtajia msafiri ule wa katikati peke yake.

Nianze na umbali, kwa kuwa ndio wenye jibu lisilobishaniwa. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ulioko Kipawa, hadi Uwanja wa Ndege wa Mwanza, ulioko Ilemela kaskazini mwa jiji, ni kilomita 852 kwa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia. Namba hii haikupatikana kwa mtu kuipima njia kwa mguu wala kwa ndege. Inatokana na anwani za viwanja hivyo kwenye ramani. Uwanja wa Dar es Salaam uko latitudo nyuzi 6.88 kusini na longitudo nyuzi 39.20 mashariki. Uwanja wa Mwanza uko latitudo nyuzi 2.44 kusini na longitudo nyuzi 32.93 mashariki. Mwenye namba hizo nne na penseli anaweza kuupata umbali mwenyewe bila kuuliza mtu.

Wanafunzi huambiwa kwamba hesabu ya umbali juu ya tufe inahitaji saini (sine) na kosaini (cosine), jambo ambalo ni kweli kwa mtu anayepima kutoka Oslo hadi Tokyo. Sisi tulio karibu na Ikweta tumepewa upendeleo ambao vitabu vyetu vya shule havionyeshi kuufurahia. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri mtu anavyokwenda kuelekea kwenye ncha za dunia, lakini hapa kwetu bado imetengana karibu sawa na ilivyotengana kwenye Ikweta yenyewe, hivyo nyuzi moja ya kwenda magharibi ina urefu unaokaribia sana nyuzi moja ya kwenda kaskazini, yaani kilomita 111 hivi. Hata hiyo 111 ina historia yake: Wafaransa walipoibuni mita mwishoni mwa karne ya 18, walikusudia umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi Ikweta uwe mita milioni 10, ambazo ni kilomita 10,000, ukizigawa kwa nyuzi 90 unapata 111 na ushei.

Kwa hiyo tunachora pembetatu mraba. Upande wa kusini kwenda kaskazini una nyuzi 4.44, na upande wa mashariki kwenda magharibi una nyuzi 6.27. Mraba wa namba ya kwanza ni 19.7, wa pili ni 39.3, jumla yake ni 59.0, na kipeuo cha pili cha jumla hiyo ni 7.68 kwa kukadiria. Zidisha kwa 111, unapata 852. Nilipoifanya hesabu ile ile kwa kanuni kamili ya tufe, nikitumia nusu kipenyo cha dunia cha kilomita 6,371, jibu halikutofautiana hata kwa kilomita moja. Mtu akijaribu ujanja huu kwa viwanja viwili vya Norwei atakosea vibaya sana, lakini kwa Dar es Salaam na Mwanza unakubali bila shida.

Marubani hawazungumzi kilomita. Kwao umbali huu ni maili za baharini 460, kipimo walichokirithi kwa mabaharia, ambacho asili yake ni dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja ya dunia. Mwaka 1929 ilikubaliwa kimataifa kwamba maili hiyo iwe mita 1,852 kamili. (Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ni kwa makusudi kwamba 852 imo ndani ya 1,852. Ni bahati tu, lakini tangu siku hiyo darasa zima halijawahi kusahau hata moja kati ya namba hizo mbili.)

Barabara nayo ni habari nyingine. Basi linalopita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga hutembea zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kuingia Mwanza, na reli ya kati ya zamani, inayopinda Tabora kabla ya kushika njia ya kaskazini iliyofika Mwanza mwaka 1928, ina zaidi ya kilomita 1,200. Tofauti hiyo haitokani na kona za milimani peke yake. Barabara na reli zilifuata njia ya misafara ya zamani, iliyotoka pwani ikaingia bara moja kwa moja hadi Tabora, ilhali Mwanza iko mbali kaskazini mwa mstari huo. Ndege haina deni na misafara.

Ukiweka rula kwenye ramani kutoka Kipawa hadi Ilemela utashangaa kuona unapita wapi. Morogoro unaiacha zaidi ya kilomita mia moja kusini. Mstari unapita kusini mwa Handeni, unavuka nyika ya Wamasai karibu na Kibaya katika Wilaya ya Kiteto, unapenya kati ya Kondoa na Babati, kisha Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,420, unabaki upande wa kushoto, na Ziwa Eyasi upande wa kulia. Baada ya hapo ni Meatu na Maswa, na ghafla maji ya Ziwa Viktoria yanajaa dirishani. Ndege haifuati rula kwa uaminifu wote, kwa kuwa angani nako kuna njia zilizochorwa kati ya alama na alama, na waongozaji wa ndege huamuru mizunguko yao wakati wa kupaa na kutua. Hata hivyo, abiria anayetaka kuona Hanang na achague dirisha la kushoto wakati wa kwenda, na anayetaka kubahatisha Kilimanjaro akae kulia. Nimeuona mara mbili tu kutoka njia hii, ukiwa mbali zaidi ya kilomita 200, mweupe juu ya mawingu kama kofia iliyosahauliwa mezani.

Sasa tuje kwenye muda.

Namba ambayo watu huitaja, saa moja na nusu, inatokana na ratiba, na ratiba hupima kuanzia wakati vizuizi vinapoondolewa kwenye magurudumu na ndege kuanza kusogea, hadi wakati inaposimama mahali pake mwisho wa safari na vizuizi kurudishwa. Ndani yake mna kutambaa ardhini kuelekea kwenye njia ya kurukia, kusubiri ndege nyingine itue, kupaa, kusafiri, kushuka na kutambaa tena. Tovuti nyingi za kukokotoa safari hufika kwenye jibu hilo kwa njia ya mkato: huchukua umbali, hugawa kwa mwendo wa takriban kilomita 805 kwa saa, ambao ni maili 500 za Waingereza, kisha huongeza dakika 30 za kupaa na kutua. Kwa kilomita 852 hesabu hiyo inaleta saa moja na dakika 34, karibu kabisa na ratiba. Ni njia butu, lakini kwa ndege ya jeti na umbali wa namna hii haina kosa kubwa.

Mambo yanayotokea ndani ya muda huo ndiyo yanayonivutia zaidi. Jeti kama Airbus A220 ikipanda hadi futi 36,000 hutumia kama dakika 20 na zaidi kidogo ya maili za baharini mia moja, ikiongeza mwendo polepole kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Kushuka nako kunahesabiwa mapema: marubani hutumia kanuni ya kukadiria maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka. Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na Dar es Salaam, kwani uwanja wa Dar es Salaam uko mita 55 tu juu ya usawa wa bahari, na ule wa Mwanza uko zaidi ya mita 1,140, mahali ambapo ziwa lenyewe limekalia nchi ya juu. Ndege inayotoka futi 36,000 kwenda Mwanza inashuka kimo pungufu kwa zaidi ya futi 3,500 kuliko inayoshuka Kipawa, na kwa kanuni ile ile inaanza kushuka ikiwa imebakiwa na umbali mfupi zaidi, maili 97 badala ya 107 hivi.

Toa maili za kupanda na za kushuka katika zile 460, na unabaki na maili kama 250 za safari tambarare, ambazo kwa mwendo wa kilomita 830 kwa saa zinakwisha kwa dakika 33 au 34. Yaani katika safari nzima ya kuvuka nchi, ndege inatulia kwenye kimo chake kwa muda usiotosha kufundisha kipindi kimoja darasani. Mhudumu anayepita na kigari cha vinywaji anajua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana anakimbia.

Aina ya ndege hubadilisha hesabu yote. Dash 8-400 yenye mapanga, inayokwenda kama kilomita 660 kwa saa na haipandi juu kama jeti, inahitaji karibu saa moja na nusu ya kuwa angani peke yake. ATR 72, yenye mwendo wa kilomita 500 na ushei kwa saa, inakaribia saa mbili kwa ratiba. Msafiri anayelinganisha tiketi mbili na kuona tofauti ya dakika 30 kwa njia ile ile asidhani mmoja kati ya wauzaji amekosea. Atazame jina la ndege lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Mwelekeo wa safari nao una sheria yake. Kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza dira inasoma nyuzi 305 hivi, kaskazini-magharibi, na ndege zinazoelekea upande wa magharibi hupewa vimo vya maelfu shufwa, kama futi 34,000 au 36,000. Zinazorudi mashariki hupewa maelfu witiri, kama 35,000 au 37,000, ili mbili zinazokutana uso kwa uso zipishane kwa futi 1,000 bila hofu. Njia ya kurukia ya Mwanza nayo imelala kusini-mashariki kwa kaskazini-magharibi, karibu sambamba na mstari wa safari yenyewe, kwa hiyo upepo ukiruhusu, ndege iliyotoka Dar es Salaam inaweza kutua bila kugeuka sana. Siku upepo unapodai itue kutoka upande wa pili, inabidi izunguke, na dakika kadhaa zinaliwa. Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa hili: kama jahazi lilivyosubiri kaskazi na kusi, ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, na uwanja wa Kipawa una ncha mbili za njia yake kuu kwa sababu hiyo hiyo.

Upepo wa juu, kwa upande mwingine, hautusumbui sana. Katika latitudo za kaskazini kuna mito ya upepo mkali inayokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndiyo inayofanya safari ya London hadi New York, ya kilomita 5,540 hivi, ichukue karibu saa moja zaidi kuliko kurudi. Februari 2020 ndege ya abiria iliyotoka New York ilifika London kwa chini ya saa tano kwa kusukumwa na dhoruba. Juu ya Kiteto hakuna mto wa upepo wa namna hiyo. Katika safari zangu, kwenda na kurudi hazikuwahi kupishana kwa zaidi ya dakika chache.

Kuna swali ambalo hunijia kila mwaka kutoka kidato cha pili, na silichoki: ikiwa dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa kwenye Ikweta, kwa nini ndege isipae tu na kusubiri Mwanza ije yenyewe? Jibu ni kwamba hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa kama samaki alivyomo katika ndoo inayobebwa. Nzi anayeruka ndani ya daladala hagongi kioo cha nyuma kila dereva anapokwenda mbele. Mfano wa nzi huwa unamaliza ubishi, ingawa mwaka jana mvulana mmoja alitaka kujua itakuwaje madirisha yakiwa wazi, nami nikamwambia aketi.

Kabla ya kurudi kwa mama, neno fupi kuhusu Zanzibar, kwa sababu huko ndiko njia ya mkato ya tovuti inakovunjika. Kutoka Kipawa hadi Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume ni kilomita 73 tu, maili za baharini 39. Kanuni ya kugawa na kuongeza dakika 30 ingesema dakika 35. Ndege ndogo ya injini moja, Cessna Caravan, inayokwenda kilomita 300 kwa saa au pungufu kidogo, inakaa angani kama robo saa au dakika 20, kwani haihitaji kupanda futi 36,000 kwa ajili ya kuvuka mkondo wa bahari. Boti ya mwendo kasi kutoka bandarini ni kama saa mbili. Mtu aishiye Posta, akihesabu foleni ya Barabara ya Nyerere na kukaguliwa, anaweza kufika Forodhani kwa boti karibu pamoja na jirani yake aliyepanda ndege, huku amekula korosho na kuona pomboo.

Safari yangu ya mwisho niliiandika yote daftarini, nami nilimsomea mama kama ilivyokuwa. Ndege ilikuwa ya saa 2:00 asubuhi. Nilitoka nyumbani Mbezi saa 10:45 alfajiri, nikapita Malamba Mawili, Kinyerezi na Segerea ili nitokee Banana bila kuingia foleni ya Ubungo na Mandela. Saa 11:40 nilikuwa uwanjani. Kwa wakati ule foleni ilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa, hivyo nilikaa kwenye kiti cha chuma kwa zaidi ya saa moja nikisahihisha madaftari, muda ambao hakuna tovuti inayouhesabu wala shirika linalouomba radhi. Milango ilifungwa. Saa 2:04 tuliondoka tulipokuwa tumeegeshwa, saa 2:17 magurudumu yaliiacha ardhi, saa 3:27 yaligusa Mwanza, na saa 3:32 tulisimama. Muda wa angani ulikuwa saa moja na dakika 10. Muda wa ratiba, ambao tiketi iliutaja kuwa saa moja na nusu, ulikuwa saa moja na dakika 28, kwa hiyo kwa haki yote shirika lilitimiza ahadi yake, hata kama tulianza kusogea tukiwa tumechelewa dakika nne.

Lakini begi langu lilitoka miongoni mwa ya mwisho, na kutoka Ilemela hadi Nyegezi ni kuvuka jiji lote kutoka kaskazini hadi kusini, kupitia katikati ya mji penye vilima vya mawe na msongamano wake. Niligonga mlango saa 4:45. Kutoka mlango hadi mlango, saa sita kamili.

Nilimwonyesha mama hesabu ya mwisho: kilomita 852 kwa saa sita ni wastani wa kilomita 142 kwa saa. Treni ya kisasa inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tangu mwaka 2024 imejengewa reli ya kuhimili mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Mama alitazama namba zile kwa muda, kisha akasema kwa hiyo mwanawe anapanda ndege ili asafiri kwa mwendo wa treni. Sikuwa na jibu, isipokuwa kumkumbusha kwamba treni hiyo haijafika Mwanza, na kwamba basi lingenifikisha nikiwa nimevimba miguu.

Kuna jambo moja zaidi linalopoteza saa za watu wetu, nalo si upepo wala foleni. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa, na sisi tunaishi kwa saa za jua linalochomoza. Baba yangu mdogo aliwahi kununuliwa tiketi yenye maandishi 07:00. Aliisoma saa saba, na kwa kuwa ni mtu makini, alifika uwanjani saa tano asubuhi ili asubiri kwa nafasi. Ndege yake ilikuwa imekwisha kwenda Mwanza, ikashusha abiria, ikapakia wengine na kurudi. Tangu hapo, kila ninapomtumia mtu wa familia taarifa za tiketi, naandika "saa moja asubuhi, bado kuna ubaridi", kwa sababu neno asubuhi peke yake halikuwahi kumwokoa mtu.

Saa ya ukutani ni moja nchini kote, lakini jua halifuati amri hiyo. Mwanza iko nyuzi 6.27 magharibi mwa Dar es Salaam, na dunia huchukua dakika nne kuzunguka nyuzi moja, hivyo jua la Mwanza huzama kama dakika 25 baada ya la Dar es Salaam. Wanaofunga Ramadhani wanalijua hili bila hesabu yoyote: adhana ya magharibi ya Dar es Salaam ikisikika redioni, mtu wa Mwanza hagusi tende.

Machi mwaka 2025 nilisafiri katika Ramadhani kwa ndege ya saa 12:00 jioni. Kiti cha dirishani upande wa kushoto kilikaliwa na mzee aliyevaa kanzu na kofia ya viua, ameshika tende tatu kwenye karatasi. Saa 12:36 simu ya kijana wa kiti cha mbele, ambayo pengine ilipaswa kuwa imezimwa, iliadhini kwa wakati wa Dar es Salaam. Baadhi ya abiria walifungua chupa zao za maji. Mzee hakusogea. Kijana aligeuka na kumwambia kwa adabu, "Mzee, magharibi imeingia."

"Imeingia Dar es Salaam, mwanangu," alijibu, akaonyesha dirishani. "Mimi nalitazama hili."

Jua lilikuwa bado limesimama juu ya mawingu, na kila lilipoelekea kuzama sisi tulikuwa tukilifuata kwa mwendo wa kilomita 830 kwa saa, tena kutoka kimo ambacho upeo wa macho unarudi chini na kulirefushia siku yake kwa dakika nyingine kumi na kitu. Saa 12:50 lilikuwepo. Saa 12:57 Hanang ulipita chini yetu kushoto, mweusi, na jua bado lilikuwepo, jekundu na limebonyea. Mzee alihamisha tende kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ilikuwa saa 1:05 usiku kwa saa yangu alipoitia ya kwanza kinywani, akanipa ya pili ingawa sikuwa nimefunga, na muda mfupi baadaye ndege ikaanza kushuka kuelekea ziwani.